Gomesi, kitenge na jezi kwa cherehani moja: kisa cha Nalongo wa Busia

Kazi yenyewe ilikuwa ya kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya binti kumtambulisha mchumba wake nyumbani kwao. Nalongo anashonea nyumbani hapa Busia, upande wa Uganda, ana cherehani ya umeme ile nyeupe ya mezani yenye zigizagi, sio ile nyeusi ya kukanyaga, na familia moja ikamletea oda yote kwa mpigo: gomesi (yale magauni marefu ya Uganda ya mabega yaliyosimama na mshipi) za satini inayong'aa za mama wa binti na ssenga, yaani shangazi yake, magauni ya kitenge ya wakina mama wa upande wao, alafu gauni za kubana za kitambaa cha jezi, kile cha kuvutika, za wale wasichana wanaotoka na binti mbele ya wageni. Vitambaa vilinunuliwa Kiyembe kule Kampala, vikapandishwa taksi vikaja, na siku zilikuwa chache kama kawaida ya watu wa shughuli, wanakumbuka fundi mwisho kabisa baada ya mahema na wapishi.

Mimi niliitwa mambo yakiwa yameshachacha. Nakieleza kisa chote kwa sababu kila aliyekisikia alitoa hukumu moja, ati hizi mashine ndogo za nyumbani haziwezi vitambaa mchanganyiko, anunue ya kiwandani. Hapana. Ukiacha sindano na mkwaruzo mdogo kwenye chuma, ile mashine ilikuwa nzima mpaka siku mtu alipoigusa na bisibisi, na hata hapo haikuharibika, ilichanganywa tu.

Mlolongo ulikuwa hivi, kama Nalongo mwenyewe alivyonisimulia. Alianza na satini. Mshono wa kwanza wa ubavuni ukatoka umejikunja kunja, na ukiangalia vizuri kuna mistari myembamba inatoka kwenye mshono inakwenda pembeni, yaani uzi wa kitambaa umevutwa. Akaona ni tensheni, yaani mkazo wa uzi, akazungusha ile namba ya juu kutoka 4 akaweka 7. Ikawa mbaya zaidi. Akaiacha satini akasema ni feki, akachukua kitenge, kitenge kikashoneka, ila mashine inapiga tok tok tok kila sindano ikishuka na hakujali sana maana mshono unaonekana. Akaja kwenye jezi sasa, hapo ndo ikawa balaa, stichi zinaruka, anashona anapata mbili tatu nzuri alafu uzi mrefu umelala juu bila kushika kitu. Akaita fundi wa mashine. Yule fundi alisikiliza kidogo akasema taimingi imeruka, yaani sindano na kulabu ya chini hazikutani kwa wakati, akafungua chini, akafungua kule kwa bobini, kile kijigurudumu cha uzi wa chini, akafanya mambo yake, akachukua shilingi 50,000 akaenda. Na baada ya yeye kwenda hata kile kitenge kilichokuwa kinakubali kikaanza kutoa vidoti vya uzi wa chini vinachungulia juu, alafu alipobadilisha rangi ya uzi wa juu ikatengeneza kiota kizima cha nyuzi chini ya kitambaa mpaka ikabidi kukata na mkasi.

Kwa hiyo ukihesabu, kuna magonjwa matano kwenye mashine moja ndani ya wiki: kukunjamana, uzi wa kitambaa kuvutwa, stichi kuruka, vidoti juu, kiota chini. Mtu akikuletea orodha kama hiyo ni rahisi kusema mashine imekufa. Mimi huwa naogopa zaidi mashine yenye ugonjwa mmoja usioeleweka kuliko hii yenye mitano, kwa sababu mitano mara nyingi inaletana.

Swali langu la kwanza halikuwa kuhusu satini. Nilimuuliza, "Nalongo, kabla ya hii satini ulishona nini?"

"Si kitu Mwalimu, nilikunja tu mguu wa suruali ya jinsi (jeans) ya kijana wangu, ilikuwa ndefu."

Basi. Upindo wa jinsi pale unapokutana na mshono wa ubavuni ni tabaka nyingi sana, kwa sababu ule mshono wenyewe umeshakunjwa na kulaliwa, alafu wewe unaukunja tena mara mbili juu yake. Sindano ya kawaida ya unene wa 90/14 ikifika hapo inapinda, inakwepa pembeni, inagonga chuma, alafu inanyooka inaendelea kama hakuna kilichotokea. Ukiitazama kwa macho iko sawa tu. Nikaichomoa sindano yake nikaiburuza polepole juu ya ukucha wa kidole gumba, kutoka ubavuni kuja kwenye ncha, ikaacha mkwaruzo mweupe kwenye ukucha. Sindano nzima haikwaruzi, inateleza. Hii ilikuwa na ndoana ndogo kwenye ncha, ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona bila kuigeuza kwenye mwanga, na hiyo ndoana kila ikishuka kwenye satini inaokota uzi mmoja wa kitambaa na kuuvuta. Ile mistari ya pembeni ndo hiyo. Na ile tok tok kwenye kitenge ni sauti ya ncha butu inalazimisha kitambaa kitoboke.

Nikaangalia pia ile sahani ya chuma sindano inapozamia. Nilichukua kipande cha soksi ya nailoni ya kike nikakipitisha juu ya tundu, kikanasa upande mmoja. Maana yake sindano ilipopinda kwenye jinsi iligonga ukingo wa tundu ikaacha meno. Hiyo unaitoa sahani, unalainisha na msasa mwembamba kabisa, taratibu, mpaka soksi ipite bila kushika. Ni kazi ya dakika chache na watu hutupa mashine kwa ajili yake.

Sasa hapa ndo pa kuwa na nidhamu. Ukibadilisha sindano, na tensheni, na uzi, na urefu wa stichi kwa wakati mmoja, ikikubali hujui nini kimekubali na ikikataa hujui nini kimekataa. Badilisha kimoja, shona kwenye kipande cha kitambaa kile kile, tabaka zile zile, tazama juu na chini, ndo uende kingine. Nalongo alikuwa anaona hii ni kupoteza muda maana watu wa kwanjula walikuwa wanapiga simu, lakini alikubali.

Tuanze na alivyoacha yule fundi, kwa sababu ilibidi kuondoa mikono yake kwanza ndo tuone ugonjwa wa asili. Mashine yake ina boksi ya bobini ya chuma, ile unayoitoa na kuishika mkononi. Unatia bobini ndani, unashika mkia wa uzi, unaiacha boksi ining'inie. Ikiwa sawa inakaa pale pale, ukitikisa mkono kidogo inashuka kidogo na kusimama. Ya Nalongo nilipoiachia ilishuka moja kwa moja mpaka chini ikagonga sakafu. Yule bwana alikuwa amelegeza skrubu ndogo ya pembeni, sasa chini hakuna mvuto wowote na juu namba bado iko 7, lazima uzi wa juu uuvute wa chini mpaka uchungulie. Nikakaza ile skrubu kidogo kidogo, robo ya mzunguko au hata chini ya hapo kila mara, mpaka ikaning'inia inavyotakiwa, nikarudisha juu kwenye 4. Vidoti vikaisha.

Kile kiota cha chini kilikuwa kitu kingine kabisa na hakikuhusiana na bobini, ingawa kila mtu akiona fujo chini anakimbilia bobini. Fujo ikiwa chini mlaumu uzi wa juu. Nalongo alipobadilisha rangi alipitisha uzi huku mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, umeshushwa. Mguu ukiwa chini zile sahani mbili za tensheni zimebana, uzi hauingii katikati yake, unapita juu juu tu, kwa hiyo ni kama huna tensheni kabisa, na uzi wote unamwagika chini. Inua mguu, toa uzi, pitisha upya, shusha mguu, ukivuta uzi sasa unasikia unakataa. Hiyo iliisha hapo hapo, akacheka mwenyewe.

Na taimingi je? Hii niliiangalia kwa sababu nilitaka kujua kama kweli iliguswa. Unaweka sindano mpya, unaondoa sahani, unazungusha gurudumu kwa mkono kuja kwako polepole. Sindano inashuka mpaka mwisho, inaanza kupanda, na ikiwa imepanda kidogo tu ncha ya ile kulabu ya chini inapita nyuma yake juu kidogo ya tundu la sindano, hapo ndo inaokota kitanzi cha uzi. Kulabu ikifika imechelewa au imewahi, ndo taimingi. Ya Nalongo ilikuwa inafika pale pale panapotakiwa. Kwa hiyo haikuwa imeruka, na 50,000 ilikwenda kwa neno tu. Sisemi mafundi wote wako hivyo, wako wanaojua kazi yao kuliko mimi, ila mtu akikuambia taimingi kabla hajachomoa sindano na kuitazama, mwambie asubiri kwanza.

Baada ya hapo tukarudi kwenye vitambaa, kimoja kimoja.

Jezi kwanza, maana ndo ilikuwa imemliza. Niliweka sindano mpya ya kawaida, 80/12. Stichi zilizoruka zikapungua, hazikuisha. Nikaweka sindano ya strechi, 75/11, bila kugusa kitu kingine, zikaisha kabisa. Hii inakuonyesha kwamba kulikuwa na sababu mbili zimekaliana, ncha iliyoharibika na aina ya sindano yenyewe. Kitambaa cha kuvutika kinafanya hivi: sindano ikipanda kinang'ang'ania na kupanda nayo, sasa uzi haupati nafasi ya kulegea nyuma ya sindano kutengeneza kile kitanzi, kulabu inapita inakuta hakuna kitu, stichi imeruka. Sindano ya strechi ncha yake ni ya mviringo, inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni badala ya kuzichoma, na ule ubonyeo wa nyuma juu ya tundu umetengenezwa ili kulabu isogee karibu zaidi. Ukinunua sindano za kampuni ya Schmetz angalia rangi juu ya shina, strechi ni njano, jinsi ni bluu, ile ya ncha kali ya vitambaa laini ni zambarau, ya kawaida haina rangi. Na namba ni unene, 75 ni milimita 0.75, ile 11 ya pembeni ni namba ya Kimarekani ya kitu hicho hicho. Ya mashine ya nyumbani shina lina upande bapa na kwa mashine nyingi ule ubapa unatazama nyuma, hizi za mviringo mtupu ni za viwandani, zisikupotoshe dukani.

Jezi hiyo hiyo, hata stichi ziwe nzuri namna gani, ukishona mstari ulionyooka itakatika msichana akikaa tu. Weka zigizagi nyembamba sana, upana 0.5 mpaka 1, urefu 2.5, ukiitazama kwa mbali ni kama imenyooka lakini inavutika. Alafu uvute mshono kwa mikono miwili kwa nguvu kabla hujaendelea, ukikatika ni heri ukatike mezani. Kama mashine yako ina kile kifundo cha kupunguza uzito wa mguu, punguza, la sivyo mguu unasukuma tabaka la juu mbele na mshono unatoka na mawimbi. Na usivute kitambaa kwa nyuma. Watu wanavuta, alafu wanalaumu jezi.

Satini ilichukua muda mrefu na ndo ilinifurahisha. Kwa sindano mpya ya 80/12 ile mistari ya kuvutwa ilipotea, lakini kukunjamana kukabaki. Kumbe ni mambo mawili tofauti, moja lilikuwa la ndoana, lingine la unene. Satini ya poliesta imesukwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana, ukiingiza sindano nene na uzi mnene nyuzi zake hazina pa kwenda, zinasukumana, mshono unajikusanya. Nikashuka kwenye 70/10 ya ncha kali, nikatafuta uzi wa poliesta mwembamba badala ya ule aliokuwa nao, juu na chini uzi ule ule, tensheni nikashusha karibu na 3, stichi milimita 2. Ikawa karibu sawa, ila mwanzo wa mshono mashine bado ilikuwa inameza kona ya kitambaa ndani ya tundu. Hiyo ni kwa sababu sahani ya mashine ya zigizagi ina tundu pana ili sindano iweze kwenda kushoto na kulia, na kitambaa laini kinazamishwa humo. Dawa ni kusogeza sindano kushoto kabisa ili ipate ukingo wa chuma karibu, na kuanza kushona juu ya kipande kidogo cha pamba alafu unaingia kwenye satini bila kukata uzi, na chini unaweka karatasi nyembamba ambayo unaichana ukimaliza. Nalongo alileta gazeti. Nikasema gazeti hapana, wino utashika satini nyeupe ya mama wa binti na hapo tutakimbilia Kenya wote.

Pini pia. Satini inabaki na tundu, hata ukitoa pini unaliona, kwa hiyo pini zikae kwenye ile sehemu ya ndani ya mshono tu. Na pasi isiwe ya moto sana, poliesta inayeyuka au inabaki na alama ya kung'aa, weka kitambaa cha pamba juu yake.

Sasa gomesi ina mtego wake ambao gauni la kawaida la satini halina. Hii nguo, inayosemekana ilitoka kwa fundi Mgoa (mtu wa Goa, India) aitwaye Gomes karibu mwaka 1905 kule Gayaza, inakula kitambaa kingi sana, mpaka mita 6, na mshono wa ubavuni ni tabaka mbili laini tu, lakini ukifika kwenye bega lile lililosimama unakuta marinda, na ile vailini, kitambaa kigumu cha kugandisha kwa pasi ili bega lisilale, na kitambaa kimekunjwa, yote pamoja. Sindano ya 70 iliyoshona ubavu vizuri kabisa ikaanza kupinda begani na nilisikia sauti yake. Hapo tulisimama tukabadilisha, 80/12, stichi 2.5, na kwenye marinda mazito Nalongo akawa anazungusha gurudumu kwa mkono. Ndo maana huwa sikubaliani na wanaosema kila kitambaa na sindano yake. Nguo moja ya kitambaa kimoja inaweza kutaka sindano mbili, tazama unene wa pale unapopita, sio jina la kitambaa.

Kitenge hakikuwa na shida, 80/12 au 90/14 mpya na stichi 2.5 kilikwenda. Ila nilipochoma uzi wake kidogo kwa kiberiti ulijikunja ukawa kidonge cheusi kigumu. Pamba ingeungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Kwa hiyo wameuziwa poliesta kwa jina la pamba, na kwa mshonaji maana yake ni pasi ya chini, na kwa mvaaji maana yake ni jasho pale kwenye hema saa nane mchana. Nalongo hakumwambia mteja, na sidhani ningemwambia mimi pia, vitambaa vilikuwa vimeshakatwa.

Ile jinsi ya kijana nilimwonyesha pia kwa ajili ya siku nyingine, sindano ya jinsi 100/16, stichi 3 na zaidi, ponda pale penye mkusanyiko wa mshono kwa nyundo mpaka palale, na mguu ukianza kuinuka mbele uweke kitambaa kilichokunjwa nyuma yake ili ukae sawa, alafu mkono kwenye gurudumu, usikanyage. Ukimaliza hiyo sindano itoe, hata kama unaona bado iko sawa. Sindano ni vitu vya bei ndogo, na wengi husema masaa 8 hivi ya kushona ndo umri wake, kwa suruali ya jinsi upunguze.

Satini ile yenye mistari haikupona, uzi ukishavutwa haurudi. Bahati gomesi ina mikunjo mingi pale mbele, kipande kibaya kikageuzwa kikaingia ndani ya mkunjo, ukivaa na mshipi huoni.

Kilichobaki kibaya ni gauni moja la jezi, na hili halikuwa la mashine wala la sindano. Kitambaa kilikuwa kinavutika upande mmoja tu, na katika kubana matumizi Nalongo alilaza kipande cha mwisho kwa urefu, kwa hiyo likavutika juu kwenda chini na sio kuzunguka mwili. Mshono mzuri, stichi zote ziko, lakini halipiti kwenye makalio. Nilimwonyesha namna ya kujua kabla ya kukata, unashika kitambaa kwa vidole unavuta pande zote mbili, ule unaovutika zaidi ndo unaozunguka mwili. Ilibidi kuongeza vipande ubavuni kuanzia kwapani mpaka chini, rangi haikufanana kabisa na ile ya kwanza kwa sababu hapa Busia haikupatikana ile ile, na pesa ya kitambaa hicho alitoa Nalongo mwenyewe.